Dawa na misuli ya kibofu cha mkojo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wagonjwa, wanaouguza wazee nyumbani, wauguzi, na wanafunzi wa famasia wanaolikuta somo hili kwa mara ya kwanza. Majina ya dawa yameandikwa kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye boksi utayakuta kwa tahajia ya Kiingereza, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua. Ukiwa na muda wa kusoma majibu machache tu, soma yale yanayohusu dawa za mafua na dawa za maumivu. Watu wengi wanaopata shida ya mkojo huomba dawa ya kibofu, kumbe chanzo ni dawa nyingine wanayoimeza tayari.

Kibofu kina misuli? Nilidhani ni mfuko tu.

Kina misuli, tena mingi. Ukuta wake umefumwa kwa nyuzi za misuli laini zinazopishana kila upande, na wataalamu huuita msuli huo detrusa. Misuli laini ni ile isiyongoja amri yako, kama ya utumbo, ya mishipa ya damu na ya mfuko wa uzazi.

Fikiria kiriba cha maji. Kina tumbo, na kina shingo iliyofungwa kamba. Ili maji yatoke vizuri, kamba ilegezwe na tumbo liminywe kwa pamoja. Tumbo likiminya huku shingo imefungwa, mtu anakamia haja isiyotoka. Tumbo likiminya ovyo kabla ya wakati, mtu anakimbilia chooni asifike. Na tumbo likilala, mkojo unabaki ndani hata baada ya kudhani umemaliza.

Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 500 hivi, ingawa hisia ya kwanza ya haja huja mapema, kwenye mililita 150 hadi 200. Wakati kinajaa, neva zinazotoka mgongoni kwa chini, kati ya sehemu za uti wa mgongo ziitwazo T11 na L2, humwaga kemikali ya ujumbe iitwayo noradrenalini. Hiyo hulegeza tumbo la kibofu kupitia vipokezi (viti vilivyo juu ya seli ambavyo mjumbe hushika) vya beta-3 na papo hapo hukaza shingo kupitia vipokezi vya alfa-1. Saa ya kukojoa ikifika, neva za chini zaidi, S2 hadi S4, hupokea zamu na kumwaga mjumbe mwingine, asetilikolini, nayo hukaza tumbo. Karibu kila dawa utakayoisoma hapa chini inaingia kupitia mlango mmoja kati ya hiyo mitatu: wa beta-3, wa alfa-1 au wa asetilikolini.

Ni nini hasa kinachoufanya msuli ukaze?

Asetilikolini hushika vipokezi vya muskarini vilivyo juu ya seli ya msuli. Kibofuni aina mbili ndizo zenye kazi, M2 na M3. M2 ni vingi kupita M3, lakini kazi ya kukaza hufanywa hasa na M3, walio wachache. M3 kikishikwa, kalisiamu huongezeka ndani ya seli: sehemu kubwa huingia kutoka nje kupitia milango ya kalisiamu ya aina ya L, na nyingine hutoka kwenye maghala ya seli yenyewe. Kalisiamu ikikutana na protini iitwayo kalimodulini, kimeng'enya cha miosini huamshwa, na nyuzi za miosini na aktini huanza kuvutana. Iko pia njia ya Rho-kinasi, inayozuia msuli usilegee upesi hata kalisiamu inapoanza kushuka. M2 kwa upande wake hupunguza cAMP, kemikali inayolegeza msuli. Ni kama mtu anayeondoa jiwe lililowekwa nyuma ya gurudumu: hasukumi gari, lakini analirahisishia anayesukuma.

Neva hizohizo humwaga na mjumbe wa pili, ATP, ileile tuliyofundishwa kuwa ni sarafu ya nishati ya seli. Hapa inafanya kazi ya kubeba ujumbe, kupitia vipokezi vya P2X1. Kwa panya na simbilisi, sehemu kubwa ya mkazo wa kibofu hutokana na ATP. Kwa binadamu mwenye kibofu kizima, karibu mkazo wote ni wa asetilikolini. Ila kibofu kikiugua, kwa mfano kikipambana miaka mingi na tezi dume iliyoziba njia, mchango wa ATP huongezeka. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu dawa iliyomtuliza panya si lazima imtulize babu yako, na dawa inayozuia asetilikolini peke yake haiwezi kugusa mkazo unaoletwa na ATP.

Haya yalijulikanaje?

Kwa kipande cha msuli ndani ya glasi, na kwa uvumilivu mwingi. Jaribio lenyewe bado linafanywa, na mwanafunzi anayelifanya mara moja kwa mikono yake halisahau.

Ukanda mwembamba wa kibofu, cha panya au cha nguruwe aliyetoka machinjioni, hutundikwa katika chombo chenye maji ya chumvi ya Krebs kwa nyuzijoto 37, yakipulizwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5. Ncha moja hufungwa chini, nyingine huunganishwa na kipima mvuto. Dondosha karbakoli, ndugu wa asetilikolini asiyevunjwa upesi, na mstari unapanda. Ongeza dozi, unapanda zaidi, mpaka ufike kikomo. Sasa osha msuli, weka kidogo atropini, dawa inayokalia vipokezi vya muskarini, kisha rudia. Msuli bado utafika kikomo kilekile, isipokuwa sasa unadai karbakoli nyingi zaidi. Mchoro wa mkazo kwa kila dozi umehamia kulia bila kilele kushuka. Hiyo ndiyo alama ya dawa inayogombea kiti kimoja na mjumbe: wajumbe wakiwa wengi, dawa husukumwa pembeni.

Kisha kuna njia nyingine tatu za kuuamsha msuli huohuo. Ukiupiga umeme kwa mapigo mafupi, unaamsha neva zilizobaki ndani ya kipande, nazo humwaga asetilikolini na ATP. Ukiweka kloridi ya potasiamu, unafungua milango ya kalisiamu moja kwa moja bila kupitia vipokezi. Na ukiweka ATP, au kemikali inayoiiga, unapima njia yake peke yake. Ukiletewa dawa usiyoijua, jaribu kwa zote nne. Ikipunguza mkazo wa umeme lakini ikauacha wa karbakoli na wa ATP kama ulivyo, inagusa neva. Tetrodotoksini, sumu ya samaki bunju, hufanya hivyo hasa. Ikizuia karbakoli na kuiacha potasiamu, inakaa kwenye vipokezi vya muskarini. Ikiua mikazo yote, inagusa msuli wenyewe au kalisiamu yake. Mtihani wa vitendo wa somo hili, ukiuchungulia vizuri, ni swali hilohilo linaloulizwa kwa sura mbalimbali.

Atropini ndiyo iliyofichua kuwepo kwa ATP. Mwaka 1895, huko Cambridge, Uingereza, watafiti J. N. Langley na H. K. Anderson waliona kwamba atropini haikuweza kuzima kabisa mkazo wa kibofu uliotokana na kuchokoza neva za nyonga. Jambo hilo lilibaki kitendawili kwa miongo mingi. Mtafiti Geoffrey Burnstock alipopendekeza mwaka 1972 kwamba kuna neva zinazotumia ATP kama mjumbe, wengi walimpinga. Leo yamo vitabuni.

Nifedipini, dawa ya presha, ituonye pia kwamba glasi ni glasi na mwili ni mwili. Kwenye chombo huulegeza msuli wa kibofu vizuri sana, kwa kuwa hufunga mlango wa kalisiamu. Ndani ya mwili, kabla haijafika kiwango cha kukituliza kibofu, inakuwa imeshashusha presha ya mgonjwa. Ndiyo maana hakuna anayeandikiwa nifedipini kwa ajili ya mkojo.

Nakimbilia chooni kila saa na wakati mwingine sifiki. Dawa za kutuliza kibofu hufanyaje kazi?

Kundi la zamani na linalotumika zaidi ni antimuskarini: oksibutinini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1975, kisha tolterodini, solifenasini, darifenasini, trospiamu na fesoterodini. Zote hukalia vipokezi vya muskarini ili asetilikolini ikose pa kushika. Mikazo ya ovyo hupungua, kibofu kinapata nafasi ya kujaa, na muda kati ya haja na haja unarefuka. Kwa dozi za kawaida, mkazo mkubwa wa wakati wa kukojoa haufi, ndiyo maana wagonjwa wengi huendelea kukojoa wenyewe bila shida.

Usiipime dawa kwa siku tatu. Ipe wiki nne hivi.

Usumbufu unaotokea unaeleweka ukikumbuka kwamba vipokezi hivi havikai kibofuni tu. Viko kwenye tezi za mate, kwa hiyo kinywa hukauka. Viko utumboni, kwa hiyo choo kinakuwa kigumu. Viko jichoni, kwa hiyo maandishi ya karibu hufifia, na mwenye presha ya macho ya pembe iliyozibana anaweza kuumia vibaya. Kinywa kinapokauka, wengine hunywa maji kutwa nzima na kurudi kliniki wakisema dawa haifai. Sukutua kinywa au mumunya kitu, usijaze tena kibofu unachokitibu.

Mama yangu mzee ameanza kusahau na kuweweseka tangu aanze dawa ya mkojo. Ni uzee?

Usikubali jibu la uzee kabla dawa haijachunguzwa. Vipokezi vya muskarini viko na ubongoni, vinashughulika na kumbukumbu. Oksibutinini hupenya kwenda ubongoni kwa urahisi, na wazee huumia kuliko vijana. Trospiamu, kwa umbile lake la kemikali lenye chaji, hupenya kidogo sana.

Hatari kubwa zaidi ni mrundikano. Bibi anapewa dawa ya kibofu kliniki moja, amitriptilini ya maumivu ya neva kliniki nyingine, na Piriton ya kuwashwa anajinunulia mwenyewe. Kila moja ikitazamwa peke yake haionekani na kosa. Zote tatu huzuia vipokezi vilevile, kwa hiyo mwilini mwake zinajumlishana. Beba dawa zote anazomeza kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kienyeji, uzimimine juu ya meza ya daktari au mfamasia. Njia hii inaonyesha mengi kuliko kuulizwa mdomoni, maana mtu haoni Piriton kuwa ni dawa ya kutajwa.

Kuna dawa isiyokausha kinywa?

Ipo. Mirabegroni hupita mlango wa beta-3: badala ya kuzuia kinachokaza, inaongeza kinacholegeza, kwa kupandisha cAMP ndani ya seli ya msuli. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 2011 na ikaidhinishwa Marekani mwaka 2012. Vibegroni ilifuata, Japani mwaka 2018 na Marekani mwaka 2020. Kinywa hakikauki kama kwa antimuskarini, wala akili haichafuki.

Mirabegroni inaweza kupandisha presha. Mwenye presha isiyodhibitiwa ya 180/110 au zaidi hatakiwi kuimeza, na wengine wapimwe kabla ya kuanza na wakiwa wanaendelea. Pia huzuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6, kinachovunja dawa, hivyo dawa nyingine kama metoprololi ya presha zinaweza kuzidi mwilini. Kwa wengi wetu tatizo la kwanza ni bei, na si kila duka linayo. Mgonjwa asione aibu kumwambia daktari kwamba dawa hiyo haimudu. Ni bora ajue mapema kuliko mtu kununua vidonge kumi na kukatiza.

Baba alikunywa dawa ya mafua usiku, asubuhi akashindwa kabisa kukojoa. Kuna uhusiano?

Upo, na ni wa moja kwa moja.

Vidonge vingi vya mafua vina dawa mbili au tatu ndani ya kimoja. Kuna ya kuzibua pua, kama pseudoefedrini au fenilefrini, na kuna ya kukausha makamasi, kama klorfeniramini. Ya kwanza hukaza mishipa ya puani kwa kushika vipokezi vya alfa-1, na vipokezi hivyohivyo ndivyo vilivyojaa kwenye shingo ya kibofu na kwenye tezi dume. Shingo inakazwa. Ya pili ni antihistamini ya zamani yenye tabia ya kuzuia muskarini. Tumbo la kibofu linalegezwa. Mzee ambaye tezi dume yake ilikuwa tayari imembana kidogo, akawa anajikongoja nayo bila kumwambia mtu, anajikuta amefungiwa mlango na mwenye kuusukuma amelazwa.

Kuziba kabisa ni dharura. Usimpe maji mengi ili asukume mkojo. Unaongeza mzigo kwenye kiriba kilichofungwa. Usimpe Buscopan kwa maumivu ya tumbo la chini, kwani hayosini iliyomo nayo huzuia muskarini. Mpeleke hospitali awekewe mpira wa mkojo, na utaje dawa ya mafua aliyokunywa kwa jina lake. Baadaye, mwanamume mwenye tezi dume akipata mafua atumie maji ya chumvi puani, na parasetamoli kwa homa.

Dawa zipi nyingine huzuia mkojo?

Za maumivu makali ziko mbele. Morfini, kodeini na tramadoli hupunguza msukumo wa neva zinazokaza kibofu na huififisha hata hisia ya kujaa, kwa hiyo mgonjwa hasemi kitu huku kibofu kinavimba. Muuguzi wa wodi ya upasuaji hupapasa tumbo la chini kwa sababu hiyo, hasa mgonjwa akiwa amechomwa ganzi ya mgongo pia. Ganzi hiyo huzima S2 hadi S4 kwa saa kadhaa, na kibofu huchelewa kuamka kuliko miguu.

Halafu kuna amitriptilini na imipramini, klorpromazini na nyingine za magonjwa ya akili, na benzeksoli wanayopewa wagonjwa hao kupunguza kutetemeka. Prometazini na difenihidramini ziko humo pia, hata zinapouzwa kama dawa za kikohozi au za usingizi.

Mmea wa mnanaha nao tusiusahau. Mbegu zake zina atropini na skopolamini. Mtoto aliyezitafuna huwa na ngozi ya moto na kavu, mboni zilizopanuka, maneno yasiyoeleweka, na kibofu kilichojaa asichoweza kukimwaga. Apelekwe hospitali mara moja.

Naambiwa tamsulosini ni dawa ya kibofu. Inakaza au inalegeza?

Inalegeza, lakini shingo, wala si tumbo. Tamsulosini, alfuzosini, doksazosini, terazosini na prazosini huzuia vipokezi vya alfa-1, msuli laini wa shingo ya kibofu na wa tezi dume unalegea, na mkojo unapata njia. Nafuu huonekana ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Hazipunguzi ukubwa wa tezi. Hiyo ni kazi ya finasteridi, nayo huchukua miezi, mara nyingi sita, kabla ya matokeo kuonekana.

Prazosini na doksazosini zilianza kama dawa za presha, kwa hiyo dozi ya kwanza inaweza kukuangusha ukisimama ghafla. Imeze ukiwa unakwenda kulala. Tamsulosini husumbua presha kidogo zaidi, ila shahawa zinaweza kupungua au kurudi kibofuni. Haina madhara, lakini wanaume hushtuka wasipoambiwa mapema. Na ukipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kwamba umewahi kuimeza, hata kama uliacha. Dawa hii huifanya mboni ilegee wakati wa upasuaji, na daktari anayejua hujiandaa.

Kibofu changu kimelegea. Kuna dawa ya kukikaza?

Zipo kwa majina. Betanekoli huiga asetilikolini. Neostigmini huzuia kimeng'enya kinachoivunja, hivyo ile iliyopo inadumu zaidi. Kwenye chombo cha maabara zote mbili hukaza msuli vizuri. Kwa wagonjwa matokeo yamekuwa ya kukatisha tamaa, kwa sababu mkazo unaoletwa na kidonge hauendi sambamba na kulegea kwa shingo, na tumbo la kuhara, jasho na mapigo ya moyo kushuka huja pamoja nao. Kukaza kibofu huku njia imeziba ni hatari, maana shinikizo hurudi kwenye figo.

Kwa mwenye kisukari ambaye neva za kibofu zimechoka, kinachosaidia zaidi ni kukojoa kwa saa maalumu hata bila kuhisi haja, kukojoa mara mbili kwa kikao kimoja, na ikibidi kujifunza kujiwekea mpira mwenyewe mara kadhaa kwa siku. Watu huogopa neno mpira. Wengi waliojifunza hushangaa walivyoweza kurudi kwenye shughuli zao.

Kwa nini mtu aliyevuta au kunywa sumu ya shambani hujikojolea?

Viuatilifu vya kundi la oganofosfati, vinavyopulizwa kwenye nyanya, pamba na mboga, hufunga kolinesterasi, kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Asetilikolini inarundikana kila mahali na haivunjwi. Kibofu kinakaza bila kukoma, mate na machozi yanatiririka, mapafu yanajaa ute, mboni zinakuwa kama ncha ya sindano, misuli inacheza. Kinachoua ni mapafu. Mkojo ni dalili tu, ila humsaidia anayeona kutofautisha.

Mvue nguo, mwoshe kwa maji na sabuni ukijikinga mikono, mkimbize hospitali na ubebe chupa ya dawa yenyewe. Usimtapishe wala usimpe maziwa. Hospitalini atapewa atropini kwa wingi, na dozi hupandishwa mpaka kifua kikauke. Kwa mgonjwa huyu mmoja utaona somo zima la kibofu kwa usiku mmoja. Aliingia akijikojolea, na atropini ikizidi kiasi atakuwa hawezi kukojoa kabisa, anahangaika kitandani na kuweweseka. Muuguzi anayekumbuka kupapasa kibofu atajua kwamba kuhangaika huko huenda si sumu inayorudi.

Sindano ya botulini ndani ya kibofu ni kitu gani?

Ni sumu ya bakteria iliyogeuzwa kuwa dawa. Hukata protini ya SNAP-25 ndani ya ncha za neva, asetilikolini ikashindwa kumwagwa. Daktari huichoma kwenye ukuta wa kibofu sehemu nyingi ndogondogo kwa kutumia kamera, yuniti 100 kwa kibofu chenye mikazo ya ovyo, na 200 kwa walioumia uti wa mgongo au wenye ugonjwa wa neva. Marekani iliidhinisha matumizi hayo ya pili mwaka 2011 na ya kwanza mwaka 2013. Hudumu miezi sita hadi tisa kwa wengi, kisha hurudiwa. Kabla ya kuchomwa lazima uwe tayari kujiwekea mpira, kwani kibofu kinaweza kulegea kupita ilivyotarajiwa.

Chai, kahawa, miraa na pombe je?

Kafeini huongeza mkojo na huchokoza kibofu chepesi. Anayeamka usiku mara nne ajaribu kuacha chai ya jioni kwa wiki mbili kabla ya kununua kidonge.

Miraa, au mirungi kama wanavyoiita Tanzania ambako imepigwa marufuku, ina kathinoni, inayosababisha noradrenalini kumwagwa. Watafunaji wenyewe hujua kwamba mkojo hutoka kwa kukatakata. Utafiti uliofanywa Yemeni na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kasi ya mkojo ikishuka baada ya kutafuna, na dawa ya kuzuia alfa-1 ikiirejesha. Shingo ya kibofu ndiyo inayokazwa, kwa njia ileile ya dawa ya mafua. Mzee wa tezi dume asitafune.

Pombe huongeza mkojo na kufifisha hisia, hivyo kibofu hujaa bila mwenyewe kujua. Ketamini inayotumiwa kama kilevi ni janga la aina yake: tangu mwaka 2007 madaktari wameeleza vijana ambao ukuta wa kibofu umechubuka na kusinyaa hadi hauwezi kubeba mkojo. Hapo tatizo limepita mikazo, ni kovu.

Ni wakati gani dawa hizi hazifai kabisa?

Wakati shida haiko kwenye mikazo. Mwenye maambukizi ya njia ya mkojo hukojoa mara kwa mara kwa sababu kibofu kimewaka. Apimwe mkojo na atibiwe maambukizi. Mwenye kichocho, hasa aliyekulia karibu na mabwawa, mito au Unguja na Pemba, na anayeona damu mwishoni mwa haja, anahitaji prazikwanteli. Prazikwanteli nayo hufanya kazi kwa kukaza misuli, ila ni misuli ya mnyoo: huuingizia kalisiamu kwa ghafla, ukakakamaa na kuachia mshipa wa damu. Kibofu chako hakiguswi. Lakini mayai yakikaa ukutani miaka mingi, msuli hugeuka kovu, na kovu halisikii dawa ya kulegeza wala ya kukaza.

Mama anayevuja mkojo mchana na usiku tangu alipojifungua kwa uchungu wa muda mrefu asipewe dawa ya kutuliza kibofu. Huenda ana fistula, yaani tundu, na tundu hushonwa. Matibabu yapo, yakiwemo ya hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam. Inauma kuona mwanamke amekaa miaka akinunua vidonge na kujificha wakati upasuaji ungemrudisha kwa watu.

Mwanangu ni kikojozi. Nimpe dawa?

Chini ya miaka mitano, hapana. Baada ya hapo, mwamshe kwa utaratibu, punguza vinywaji vya usiku, tibu choo kigumu kama anacho, na usimchape wala kumwaibisha. Imipramini iliwahi kutumika sana, lakini vidonge vichache vya ziada vinaweza kusimamisha moyo wa mtoto. Isikae nyumbani bila daktari kuisimamia.

Dawa yangu ya presha inanikojoza. Inakaza kibofu?

Kama ni furosemidi au hidroklorothiazidi, haigusi msuli. Inaagiza figo kutoa maji zaidi. Imeze asubuhi. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu, na maji hayo hurudi kwenye damu ukilala, ndipo unaamka usiku. Enalapili na kaptoprili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na mwanamke ambaye misuli ya nyonga imelegea huvuja kila akikohoa. Usiache dawa ya presha kwa sababu ya mkojo. Omba ibadilishwe au saa yake ihamishwe.

Naweza kuacha dawa ya kibofu ghafla?

Antimuskarini na mirabegroni, kwa kawaida ndiyo. Dalili zitarudi taratibu, basi. Amitriptilini na imipramini zipunguzwe hatua kwa hatua. Prazosini, doksazosini na terazosini zina mtego wake: ukikaa siku kadhaa bila kumeza, usirudie dozi kubwa uliyokuwa nayo. Anza tena na ile ndogo ya mwanzo, usiku, ukiwa karibu na kitanda.